Juisi ya Mzee Pindo

"Hamna kitu, Shangazi," mkemia wa maabara alisema kwenye simu.

"Hamna kitu vipi?"

"Nikotini. Hamna hata chembe."

Inspekta aliihamishia simu sikio la pili, kama vile la kwanza ndilo lililokosea. Kituo kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mkuu wa kituo hadi wezi wa kuku waliolala mahabusu, naye alikwisha kata tamaa ya kuwakataza. "Umepima ile chupa yenye kibandiko chekundu?"

"Nimepima chupa, nikapima na iliyobaki ndani ya sigara yake ya umeme. Kuna glisirini, kuna ladha ya kahawa, kuna vanila kidogo. Mtu akivuta hiyo atakohoa, atanukia keki, basi. Haimwangushi mtu."

"Lakini damu yake..."

"Damu yake imejaa nikotini. Hilo hospitali wamelipima, na wamelipima vizuri. Mimi nakwambia tu kwamba haikutoka kwenye chupa mliyoniletea."

Simu ikakatika. Mkemia yule hakuwa na desturi ya kuaga.

Shangazi akabaki anaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake, ambayo hadi dakika hiyo ilieleza kesi nyepesi kabisa. Juzi mchana Mzee Pindo, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyeshona pindo la suruali likanyooka kama lake, alianguka juu ya mashine yake akitapika, jasho linamtiririka, mwili unamtetemeka. Daktari akasema ni sumu ya nikotini. Mzee alikuwa ameacha sigara za kawaida, anavuta ya umeme, na yale maji yake ya kuvuta, ambayo vijana huyaita juisi, alichanganyiwa nyumbani na mkwe wake. Kabla jua halijazama, mdogo wake mzee alikuwa kaunta ya kituo, anapiga meza na kupaza sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako!" Mkwe akatiwa pingu mbele ya kibanda chake cha kutengeneza simu, mtaa mzima ukitazama.

"Shangazi!" mkuu wa kituo aliita kutoka ofisini kwake. "Faili la yule kijana liko wapi? Nataka mashtaka ya kujaribu kuua yafike mahakamani leo."

"Nipe mchana huu, afande."

"Wa nini? Amekiri!"

"Ndiyo maana," Shangazi alisema, akachukua funguo za mahabusu.

Mkwe aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ameishika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda alivuliwa alipoingia. Alikuwa kijana mwembamba, vidole virefu, kucha safi. Koplo, mtu mzima aliyekaribia kustaafu na ambaye njaa humshika mapema kuliko binadamu wengine, aliketi pembeni na kalamu.

"Umekula?" Shangazi alimuuliza kijana.

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Koplo, akitoka hapa apate mkate." Akavuta kiti. "Sasa nieleze unavyochanganya hiyo juisi. Usiruke kitu, mimi sijui lolote."

Mwanzoni alijibu neno moja moja. Kisha kazi yenyewe ikamchukua, na ule mkono uliokuwa huru ukaanza kuonyesha hewani. Kwanza anavaa glavu. Anaweka chupa tupu juu ya mizani ndogo na kuirudisha mizani kwenye sifuri. Nikotini anaitia mwanzo, wakati akili haijachoka, kwa bomba la sindano ambalo halitumiki kwa kitu kingine. Halafu ladha, tone kwa tone, anapima uzito. Mwisho glisirini, nzito kama asali, kujaza nafasi iliyobaki. Anafunga, anatikisa mpaka mkono unauma, na kuilaza chupa kabatini gizani ili ladha zizoeane.

"Ukiivuta siku hiyo hiyo haina adabu," alisema. "Lazima ilale kwanza."

"Na hiyo nikotini unayoinunua, kabla hujaichanganya, ni kali?"

"Kali sana, Inspekta. Hiyo huigusi kwa mkono mtupu. Ikikumwagikia unakimbilia bomba."

"Ya mzee uliitia kiasi gani?"

"Nguvu namba sita. Kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko." Sauti ikashuka. "Ila nilikosea. Nadhani niliitia mara mbili, au zaidi. Sikumbuki. Andika tu kwamba nilikosea, sikukusudia, lakini ni mimi."

Shangazi alimtazama. Mtu anayerudisha mizani kwenye sifuri kwa kila tone hasahau mara ngapi ametia sumu.

"Maabara wameipima ile chupa," alisema. "Haina nikotini."

Alitarajia mshangao. Alichokiona ni kijana anafumba macho na kushusha pumzi ndefu, huku suruali ikimponyoka na yeye kuidaka ikiwa magotini.

"Haina kabisa?"

"Hata chembe."

"Basi si yeye," alisema, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Shangazi alisogeza kiti karibu. Koplo akaacha kuandika.

"Yeye nani, mwanangu?"

"Mke wangu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Hiyo ya mwisho aliichanganya yeye. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Niliposikia baba kaanguka, nikajua amechukua chupa siyo. Na mtoto wetu bado ananyonya, Inspekta. Ningemwacha mama wa mtoto aje kulala humu?"

"Kwa hiyo ulikuwa radhi ufungwe."

"Nilikuwa sijafika huko kwenye kufikiri."

"Haya. Na kwa nini kibandiko kinasema sita, ndani hamna kitu?"

Hapo kijana alikaribia kutabasamu. Mapafu ya mzee yalikuwa mabovu, alisema, na binti yake akimwambia aache, jibu lilikuwa lile lile: nitaacha nikitaka, na sasa sitaki. Basi yeye na mkewe wakapanga njama. Walianza na namba kumi na mbili, wakashuka sita, wakashuka tatu, wakafika sifuri. Kibandiko hawakukibadilisha.

"Naye hajui?"

"Hajui! Anauambia mtaa kwamba juisi ya mkwe wake inakwaruza koo mpaka machozi. Akijua, atanunua pakiti ya sigara siku hiyo hiyo, kwa hasira tu. Nakuomba, Inspekta, usimwambie."

Katika chumba kile Shangazi alikuwa ameombwa mambo mengi, mengine ya aibu. Ombi la namna hii lilimgusa, wala hakujaribu kuficha hilo. "Kale mkate wako," alisema.

Kijana na mkewe waliishi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mzee Pindo, uani. Binti alifungua mlango mtoto akiwa kiunoni, macho yamevimba, na hakungoja salamu.

"Ni mimi. Mume wangu hajui chochote. Ni mimi niliyechanganya, nipelekeni mimi."

"Jamani," Shangazi alisema, "nyie wawili mnagombea pingu kama watu wanaogombea kulipa chai. Kaa chini. Si wewe, wala si yeye."

Alimweleza ya maabara. Binti akaketi kitandani, akalia kwa kwikwi, mtoto akimpigapiga shavu kwa kiganja.

Kazi yote ya kuchanganya ilifanyika kwenye kabati moja la jikoni. Shangazi alilifungua na kulikagua rafu kwa rafu. Mizani imefunikwa kitambaa. Mabomba ya sindano yameoshwa na kupangwa. Chupa za ladha, kila moja na jina lake kwa mwandiko mdogo. Halikuwa kabati la mtu anayekosea kipimo.

"Nikotini kali iko wapi?"

"Rafu ya juu kabisa, ndani ya kopo, nyuma ya unga." Binti alinyoosha mkono, akalishusha kopo, akalifungua. Rangi ikamtoka usoni. "Ilikuwa humu."

"Mara ya mwisho kuiona?"

"Mume wangu alichanganya ya rafiki yake wiki iliyopita. Aliirudisha, nilimwona kwa macho yangu."

Mtoto alikuwa ameteremka kitandani na kuwafuata jikoni bila mtu kuona. Alikwisha jipenyeza chini ya kabati, matako nje, na alipotoka alikuwa na kitu cheupe katikati ya vidole, anakipeleka mdomoni. Shangazi hakuwa mwanamke wa mbio tena, lakini hapo aliruka. Alikipokonya. Mtoto akaangua kilio, mama akamkimbiza bombani na kumsugua mkono kwa sabuni mpaka ukawa mwekundu.

Kilikuwa kipande cha plastiki, ukingo wa kifuniko. Shangazi alikigeuza juu ya karatasi kwa ncha ya kalamu.

"Kifuniko cha ile chupa," binti alisema aliporudi na mtoto. "Ni vile vya kuzuia watoto. Hivi." Akachukua chupa nyingine yenye kifuniko kama hicho na kukizungusha. Kikazunguka bure, kikilia ki-ki-ki. "Lazima ubonyeze chini, ndipo uzungushe."

"Na hiki kimebanwa kwa koleo," Shangazi alisema. Upande mmoja wa kipande ulikuwa na alama za meno, madogo, yamekaribiana. "Mumeo ana koleo?"

"Anayo ya kutengenezea simu, mengi."

"Lakini mumeo anajua kubonyeza. Aliyekivunja hakujua. Nani huingia humu?"

"Mama, kila siku. Baba, akija kumchukua mjukuu wake. Na baba mdogo, Jumapili, alikuja kutengeneza bomba la jikoni. Nilimwacha humu peke yake, nikaenda sokoni."

Koplo alikohoa kidogo. Baba mdogo alikuwa fundi bomba. Ana koleo, aliachwa peke yake, na ndiye aliyekwenda kituoni kupiga meza. Walipofika kwenye gari Koplo alisema, "Shangazi, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huyu ndiye."

"Twende tukayaone meno ya koleo lake kwanza."

Walimkuta chini ya sinki la mgahawa mmoja, miguu tu ndiyo inaonekana. Alijitoa, akajifuta mikono, na akaanza kabla hajasimama sawasawa.

"Mmeshampeleka mahakamani? Au bado mnamlisha mikate?"

Koplo akatazama dari.

"Naomba koleo lako," Shangazi alisema.

"La nini?"

"Naomba tu."

Alimpa. Lilikuwa jitu la koleo, zito kama jiwe la kusagia, meno mapana. Jino moja tu lingekimeza kipande kizima. Shangazi alilinganisha kwa haki, pande zote mbili, kisha akalirudisha. Koplo alijifanya anasoma bei za chapati ukutani.

Fundi bomba hakuwa mjinga. "Mnanishuku mimi?" Sauti kubwa ilimkatika, na chini yake ikatokea nyingine, ndogo. "Yule kaka alinilea. Baba yetu alipokufa, yeye ndiye aliyeacha shule akashika cherehani ili mimi nisome. Nimtilie sumu?"

"Sikukushuku kuliko ninavyoshuku watu wengine. Pole."

"Pole usinipe mimi, kampe shemeji yangu. Tangu juzi yuko kitandani, uchungu umemshuka tumboni. Alirudi kutoka hospitali analia lakini mzima. Akasema ngoja nifue nguo za mgonjwa. Akafua, akaanika, mara kichwa kizunguzungu, anatapika, mikono inatetemeka hata kijiko hakishiki. Mapenzi hayo, Inspekta. Mnaandika mapenzi kwenye mafaili yenu?"

Shangazi alimwinulia kiganja kumsimamisha.

"Rudia hapo."

"Mapenzi?"

"Kufua. Kutapika kulianza kabla ya kufua, au baada?"

"Baada. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa mlangoni."

"Shemeji yako anavuta?"

"Nani? Yule hata moshi wa mkaa unamkohoza!"

Shangazi alimshukuru na kutoka karibu akikimbia. Ndani ya gari alimpigia daktari.

"Mapaja ya Mzee Pindo yana alama yoyote?"

"Mapaja?" Karatasi zikasikika zikigeuzwa. "La kulia lina wekundu, kama ukubwa wa sahani. Tuliandika ni moto wa pasi. Mafundi cherehani huungua."

"Suruali yake alichukua nani?"

"Mkewe. Alipewa kwenye mfuko wa plastiki."

"Daktari, lioshwe hilo paja kwa sabuni na maji mengi, sasa hivi."

"Loo," daktari alisema. "Ngozi." Na simu ikakatika.

Shangazi alimgeukia Koplo. "Watu wawili wameugua ugonjwa mmoja, na mmoja wao hajawahi kuvuta hata moshi wa kuni. Wanachoshirikiana ni suruali. Ile chupa ya nikotini kali ilikuwa mfukoni, Koplo. Imevuja, ikapenya ngozi."

"Sasa iko wapi?"

"Mwulize aliyetoa vitu mfukoni kabla ya kufua."

Mke wa Mzee Pindo alikuwa amelala ubavu, beseni chini ya kitanda. Nje dirishani suruali ya mumewe ilining'inia kwenye kamba, imenyooshwa vizuri, pindo zimelingana. Shangazi alimwamkia, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akamwuliza hali. Kisha akasema polepole, "Mama, kile kilichokuwa mfukoni umekiweka wapi?"

Mama aliugeukia ukuta. Mwishowe akanyoosha kidole juu ya kabati la nguo.

Koplo alivaa glavu na kuushusha mfuko, ndani yake mfuko mwingine, ndani ya huo mwingine tena, na humo chupa ndogo, nusu yake imekwisha. Kifuniko kilikuwa kimepasuka upande mmoja na kina alama za meno madogo. Kwenye kibandiko palikuwa na picha ya fuvu la kichwa.

"Kwa nini hukutuletea, mama?"

"Kwa sababu ya hilo fuvu." Alisema akiwa bado ameuangalia ukuta. "Mtu hatii fuvu mfukoni kwa bahati mbaya. Macho yamemharibikia mume wangu. Uzi siku hizi nampitishia mimi. Juzi asubuhi aliniambia, 'Fundi asiyeona tundu la sindano ana kazi gani duniani?' Nikacheka. Mchana wakaja kuniita." Akajivutia shuka. "Nilipoikuta hiyo, nikajua. Ningesimama wapi niseme mume wangu amejinywesha sumu? Wanangu walibebe hilo maisha yao yote? Nikaificha. Halafu shemeji akamtaja yule kijana, nikasema nitasema kesho. Kesho ikaja, nikasema nitasema jioni."

"Na kijana yuko ndani."

"Najua yuko ndani!" Akageuka, uso umelowa. "Kijana ananiita mama. Asubuhi hapiti bila kuniuliza kama nimelala salama. Unafikiri kinachonitapisha ni suruali?"

"Ni suruali," Shangazi alisema, akamshika mkono. "Na hilo lingine pia. Lakini, mama, aliyejinywesha sumu haungui paja. Inuka, tukamwulize mwenyewe."

Mzee Pindo alikuwa ameegemezwa mito miwili, amekonda kwa siku mbili kuliko wengine wanavyokonda kwa mwezi, na alikuwa anamlalamikia muuguzi kwamba shuka lake limekatwa upande. Daktari aliwaruhusu kwa sharti wasimchoshe.

"Mzee, hii ilifikaje mfukoni mwako?" Shangazi alimwonyesha chupa ndani ya mfuko wa vielelezo.

Mzee aliitazama, akamtazama mkewe, akarudisha macho darini. "Niliiba. Andika hivyo. Nilimwibia mkwe wangu."

"Kwa nini?"

"Mjukuu wangu anapanda. Nilimkuta amesimama juu ya ndoo, ndoo iko juu ya kiti, mkono umeshika mlango wa kabati. Bado kidogo afike juu. Nikatazama huko juu kuna nini, nikakuta kopo, ndani yake fuvu linanichekea. Nikasema hili halikai nyumba moja na mtoto." Akapumzika. "Nilitaka kulimwaga. Kifuniko kinazunguka tu, ki-ki-ki. Nikakibana pale pale na koleo langu dogo la vifungo ninalotembea nalo, kikapasuka kidogo, kikafunguka. Nikafika mferejini, nikakumbuka watoto wa mtaa huchezea maji yale. Basi nikafunga tena, nikatia mfukoni, nikimaliza kazi nilipeleke duka la dawa. Nikakaa kushona. Nikahisi majimaji pajani. Nikadhani ni jasho."

"Si ungemwambia mkwe wako aihamishe?"

"Nimwambie mtoto wa watu kwamba anachokipenda kitaniulia mjukuu? Kijana ananitengenezea juisi kwa mikono yake. Haina nikotini wala nini, lakini nitaanzaje kumkosoa?"

Shangazi aliinua kichwa. "Unajua haina?"

"Nimevuta tangu ujana wangu, nisijue moto na maji? Najua siku nyingi. Ila binti yangu anafurahi mno akidhani ananidanganya. Nikisema tu inakwaruza koo, anatoka nje kwenda kucheka." Akamnyooshea kidole. "Hilo usiandike."

"Halihusu kesi," Shangazi alisema, na kweli hakuliandika.

Mama alikuwa amesimama upande wa miguuni pa kitanda, ameshika chuma kwa mikono miwili. "Kwa hiyo hukutaka kufa?"

"Kufa?" Mzee akajaribu kuinuka, akashindwa. "Nife, na sare za shule nzima ziko mezani hazina vifungo? Watoto wa watu waende darasani vifua wazi?"

"Uliniambia fundi asiyeona tundu la sindano ana kazi gani duniani!"

"Nilikuwa nakuomba miwani, mama watoto. Ulitaka nikuombeje?"

Mama alilipiga shuka kwa kiganja, akacheka, kicheko kikageuka kilio, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuuweka uso kwenye miguu ya mumewe. Mzee akawa anamtazama bila kuelewa mkewe ameokoka na nini. Kisha akaangaza chumbani.

"Mkwe wangu yuko wapi? Watu wote wamekuja, yeye hajaja."

Mama akajifuta uso, akasimama.

"Nakwenda kumleta," alisema.

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya mzee mara moja, akayasoma tena, akasaini hati ya kumwachia kijana na kusema kwamba duniani kuna mambo. Koplo akataka kwenda kumtoa. Mama akamzuia.

"Niacheni nifike mlangoni mwenyewe."

Kijana alipomwona alisimama haraka, kwa heshima, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. "Shikamoo, mama. Baba vipi?"

"Anagombana na wauguzi."

"Alhamdulillahi. Na wewe mbona umetoka? Nimesikia unaumwa."

"Ile chupa ilikuwa kwangu," mama alisema. Hakutafuta njia ya kuzunguka. "Tangu juzi. Nilidhani baba yako amejaribu kujiua, nikaificha nisimwaibishe, nikakuacha wewe ulale hapa chini. Nilijua, mwanangu. Nilijua na nikanyamaza."

Hata wezi wa kuku walikuwa wamesogea kwenye nondo wasikilize.

Kijana aliinamisha kichwa. "Imeniuma, mama," alisema. "Nisikudanganye, imeniuma." Kisha akainua macho. "Lakini kama ingekuwa kweli amejaribu, ningekaa humu. Wala usingehitaji kuniomba."

Mama alilia kwa sauti, bila kujiziba uso. Shangazi akafungua mlango; mama akaingia, akampiga kijana bega kwa kiganja, akampiga tena. "Mpumbavu wewe. Na mtoto wako angelelewa na nani?" Akamshika mkono, na hakuuachia hata Koplo alipokuja na bahasha ya vitu vyake.

Nje gari la polisi lilikuwa linasubiri. Shangazi akafungua mlango wa nyuma. "Ingieni, niwapeleke."

"Hapana," mama alisema. "Alitolewa kibandani kwa pingu, watu wakaona. Atarudi kwa miguu, nimemshika mkono, na tutapita mbele ya watu wale wale."

"Mama, hujapona. Hutafika."

"Nikichoka atanibeba."

Wakaanza kuteremka barabara, polepole, mama akiamkiana na kila aliyesimama kutazama, kila mmoja kwa jina lake, huku ameuinua juu ule mkono wa mkwewe. Shangazi alimrudishia Koplo funguo za gari na kuwafuata kwa miguu, kwa mbali, asije mtu akadhani kijana amekamatwa tena.